Kupiga Hodi Kabla ya Kuondoka: Historia ya Kibali cha Safari

Leo tutazungumza juu ya maneno mawili ambayo yamewapotosha wasafiri wengi, nayo ni "bila viza". Mtu akisikia kwamba nchi fulani haidai viza, hudhani kazi yake ni kununua tikiti tu. Siku ya safari afika kiwanja cha ndege na mizigo yake, watu wa nyumbani wamemsindikiza, naye karani atazama kompyuta yake, kisha asema, "Huna kibali, huwezi kupanda." Viza haitakiwi, lakini ruhusa yatakiwa. Jambo hili lilianzaje? Ili tufahamu, yatubidi turudi nyuma miaka zaidi ya 100.

Kwetu sisi mgeni hupiga hodi mlangoni, na mwenye nyumba hujibu. Zamani nchi nazo zilikuwa hivyo. Tuchukue mfano wa Marekani. Mwaka 1892 kilifunguliwa kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York, na watu zaidi ya milioni 12 walipita hapo kabla ya kufungwa mwaka 1954. Wageni walipanda ngazi huku madaktari wakiwatazama, na yule aliyeshukiwa kuwa mgonjwa alitiwa alama ya chaki katika koti lake. Wachache walirudishwa walikotoka. Lakini kumbukeni hili: mtu aliyetiliwa shaka aliweza kusimama mbele ya baraza, akaulizwa, akajibu kwa mdomo wake au kwa mkalimani.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 ilikuwa imeamuru kwamba mgeni aliyekataliwa arudishwe kwa gharama ya kampuni ya meli iliyomleta. Kampuni haitaki hasara. Basi makampuni yakaanza kuwachungua abiria huko huko Ulaya kabla ya kuwapakia. Hapo ndipo mwenye chombo alipogeuzwa kuwa bawabu wa nchi ya watu.

Ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Kabla ya hapo mtu aliweza kupita katika nchi nyingi za Ulaya bila pasipoti. Vita vilileta hofu ya wapelelezi, na kila serikali ikadai karatasi. Vita vikaisha, karatasi hazikuisha. Mwaka 1920 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ulikubali namna moja ya kitabu cha pasipoti. Mwaka 1924 Marekani ikatoa sheria kwamba mhamiaji apate kwanza viza kwa balozi wake mdogo, kabla hajapanda meli. Sasa hodi ilipigwa ng'ambo ya bahari, kwenye dirisha la balozi.

Zilipokuja ndege kubwa, wasafiri wakawa wengi kupita uwezo wa madirisha hayo. Kwa sheria ya mwaka 1986 Marekani iliamua kuwaondolea viza wageni wa nchi chache wanaokuja kwa siku zisizozidi 90. Waingereza walianza mwaka 1988, kisha Wajapani. Msafiri alijaza karatasi ya kijani tu. Lakini wakati huo huo bawabu alizidi kubanwa: mwaka 1987 Uingereza ilipitisha sheria ya kutoza kampuni paundi 1,000 kwa kila abiria aliyeletwa bila hati sahihi, na mwaka 1991 faini hiyo ikawa paundi 2,000. Ndiyo sababu karani wa ndege hana huruma.

Mwaka 1996 Australia ikaanza kutoa ruhusa kwa kompyuta. Kwa sheria ya huko hiyo ni viza, lakini haibandikwi katika pasipoti. Karani huiona katika mashine yake. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, Marekani nayo ilitaka kujua majina mapema. Tangu Januari 12, 2009, msafiri asiyedaiwa viza alilazimika kupata kibali cha kompyuta kabla ya kupanda. Mwanzoni kilikuwa bure. Mwaka 2010 kikawa dola 14, na mwaka 2025 dola 40. Kanada ilifuata mwaka 2016.

Habari hizi zimefika kwetu pia. Ndugu zetu raia wa Omani, ambao wengi wao husema Kiswahili, waliondolewa viza ya kawaida ya kuzuru Uingereza mwaka 2014, lakini iliwapasa kuomba hati ya kompyuta kwa kila safari. Tangu Februari 2024 wanatumia kibali kimoja cha miaka 2. Kenya nayo iliondoa viza kwa wageni wote mwanzoni mwa mwaka 2024, ikaweka kibali cha dola 30. Mtanzania na Mganda hawakudaiwa. Lakini Mmalawi na Mzambia, waliokuwa wakiingia bure, waliona ajabu kwamba viza imeondolewa na gharama imeongezeka. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2025 Kenya iliwaondolea sharti hilo raia wa nchi nyingi za Afrika. Tena Mtanzania aendaye Shelisheli hahitaji viza, lakini hana budi kuomba kibali.

Basi tujiandae namna gani? Uliza mapema, katika ukurasa wa serikali ya nchi unakokwenda. Madalali huuza kwa bei kubwa kitu cha bei ndogo. Omba angalau siku 3 kabla. Andika jina na namba kama zilivyo katika pasipoti, ukiangalia usichanganye sifuri na herufi O. Ukipata pasipoti mpya, omba kibali kipya, kwa kuwa kile cha kwanza kimefungwa na namba ya zamani. Usimsahau mtoto mchanga. Naye mara nyingi hutakiwa awe na chake. Na kibali si ahadi ya kuingia: ofisa wa uhamiaji mlangoni bado ana amri yake.

Jambo la mwisho ni zito. Mgeni wa Ellis Island aliyekataliwa alikuwa na baraza la kumsikiliza. Anayenyimwa kibali cha Marekani au cha Uingereza leo hana rufaa. Njia yake ni kwenda kuomba viza. Mlango umehamia nyumbani kwetu, lakini mwenye nyumba amebaki mbali, na kosa la herufi moja halina mkalimani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini makampuni ya meli yaligeuka mabawabu?
2. Kuna tofauti gani kati ya "bila viza" na "bila ruhusa"?
3. Je, kumkataa mgeni akiwa bado kwao ni kumwonea, au ni kumwepusha na hasara ya safari?