Mali ya Shaba na Fungu la Watoto Wetu

Wazee wetu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba zamani sana, kabla Wazungu hawajafika. Walichimba wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, wakafanya misalaba ya shaba iliyokuwa fedha yao. Mvua zilipokaribia, walirudi shambani. Hivyo shaba haikuua jembe.

Mwaka 1906 ilianzishwa kampani ya Union Minière. Januari 1967 Serikali ya Kongo iliitwaa mali yake, na kampani mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Shaba ikawa yetu. Lakini kupata mali ni jambo moja, na kuigawanya vema ni jambo lingine.

Mwaka 1973 Serikali ilianza, kwa fedha ya mkopo, kujenga njia ya umeme toka Inga hata Kolwezi, kilometa 1,700 hivi. Punde si punde, miaka ya 1974 na 1975, bei ya shaba ikaanguka. Deni halikuanguka. Kazi ilipokwisha mwaka 1982, nyaya zilipita juu ya vijiji vingi, na chini yake watu wakaendelea kuwasha taa za mafuta. Gécamines nayo ilikamuliwa kama ng'ombe asiyepewa majani. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1994 hazikufika 50,000.

Kwa nini twakumbusha hayo? Kwa sababu sheria ya madini ilitengenezwa upya mwaka 2018, nayo yagawa ushuru unaolipwa kwa madini yanayouzwa. Katika kila franka 100, Serikali kuu yapata 50, jimbo 25, mji au sekta au usultani wenye mgodi 15, na 10 ni akiba ya vizazi vijavyo.

Sheria ni njema, lakini karatasi haijengi shule. Zile franka 15 zaingia karibu na nyumba zetu. Basi tuwaulize wakubwa wetu, kwa heshima na bila woga: zimeingia ngapi? Zimefanya nini? Na lile fungu la kumi, nani alilinda?

Mahindi yakivunwa, twapanda tena. Shaba ikitolewa, labaki shimo. Tusipouliza sisi leo, watoto wetu watauliza kesho, wakisimama ukingoni mwa shimo hilo.