JINSI YA KUSOMA PICHA ZA SETILAITI KAMA SHUSHUSHU: TUANZIE SONGO MNARA

Wengi wetu tukifungua ramani za setilaiti hapa kafe kitu cha kwanza ni kutafuta paa la nyumbani. Ukilipata unacheka, unafunga, unarudi kwenye barua pepe. Kumbe kuna watu wanalipwa mshahara kwa kuangalia picha hizo kutwa nzima: wachambuzi wa idara za ujasusi. Leo tuone wanafanyaje, na zoezi letu litakuwa kisiwa cha Songo Mnara, Kilwa.

KAZI YENYEWE
Mchambuzi anakitazama kitu kwa juu, anakitambua, anakipima, halafu anasema kimebadilika nini tangu picha iliyopita. Anaangalia umbo, ukubwa, kivuli, rangi, mpangilio na vitu vilivyo jirani. Jua likiwa nusu ya njia kwenda utosini (nyuzi 45), urefu wa kivuli ni sawa na urefu wa kitu. Ukipima kivuli umeupata urefu wa mnara bila kuugusa.

ILIANZAJE
Kupeleleza toka angani ni kwa zamani kuliko setilaiti, na pwani yetu imo kwenye historia hiyo. Manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa, ndani ya mikoko. Waingereza wakaleta ndege kuitafuta. Julai 1915 marubani walioruka toka Mafia waliwaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 meli ikapigwa vibaya mpaka Wajerumani wenyewe wakaimalizia kuizamisha.

Wamarekani nao wakaja na setilaiti za siri zilizoitwa Corona, 1960 hadi 1972. Filamu ilishushwa kwa parashuti na ndege ikaidaka hewani! Picha zaidi ya 860,000 zilitolewa sirini mwaka 1995.

PIKSELI NI NINI
Picha ni vijiraba vidogo, ndiyo pikseli. Landsat ya Marekani, pikseli moja ni mita 30 kwa 30. Sentinel-2 ya Ulaya ni mita 10 kwa 10. Zote mbili ni bure. Za kibiashara zinafika mpaka sentimita 30, ila hizo ni hela.

Songo Mnara kuna magofu ya misikiti 5, jumba kubwa la kifalme na nyumba kama 33 za mawe ya matumbawe, ndani ya ukuta wa mji. Kwenye Landsat nyumba na miti inayoizunguka vinaweza kuingia pikseli moja. Kwa hiyo usitafute mlango pale, utajidanganya bure.

MAJI YANADANGANYA
Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Sentinel-2 hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila ikipita. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio unaandama, saa hizo maji yamekupwa sana. Wiki moja baadaye, maji mafu, saa zile zile yanakaribia kujaa. Weka picha hizo mbili pamoja: utaapa kisiwa kimemegwa! Kumbe ni kupwa na kujaa tu, mvuvi yeyote angekwambia.

Na hili si la mchezo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikatolewa 2014. Bahari kula ufukwe ni moja ya vitisho vyake. Ukipiga kelele za uongo leo, kesho ufukwe ukiliwa kweli nani atakusikiliza?

KOSA LINAPOUA
Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell alionyesha picha za setilaiti Umoja wa Mataifa, akasema magari fulani Iraki ni ya kusafishia sumu ya silaha. Mwezi uliofuata vita ikaanza. Maghala ya silaha za sumu aliyoyaeleza hayakupatikana. Magari yalikuwepo kweli kwenye picha, ila maelezo yalitiwa na watu.

MASWALI YA KUJIULIZA
1. Picha ni ya tarehe gani, saa ngapi?
2. Maji yalikuwaje? Masika au kiangazi?
3. Pikseli inatosha kuonyesha ninachodai?
4. Kuna kitu kisichohama, kama ukuta au jengo, cha kupimia?
5. Kuna maelezo mengine yanayowezekana?
6. Nani yupo pale chini wa kuthibitisha?

Hilo la sita ndilo kubwa. Setilaiti inaona kisiwa kwa muda mfupi tu asubuhi, mwenye ngalawa anakiona mwaka mzima. Mchambuzi mzuri anawahitaji wote wawili.

Zoezi: ingia Copernicus Browser, tafuta Songo Mnara, chukua picha mbili zisizo na mawingu za miaka tofauti ila mwezi uwe umri ule ule. Mpaka wa mikoko umesogea? Andika tarehe zako hapo chini kwenye maoni. Wadau wa Kilwa na Pande, mkiona mtu amekosea msahihisheni, msimcheke.

Nawasilisha.