Kisu, Moto na Mwanga: Nani Alisema Leza Imemaliza Kila Kitu?

Kila nikifungua simu siku hizi nakutana na tangazo la kliniki ya meno: unapandikiziwa jino jipya "bila kisu, leza tupu". Huko chini wasee wanauliza bei tu. Sina noma na leza. Shida yangu ni vile kisu kimegeuzwa kitu cha kizamani, kama simu ya kabambe. Historia haisemi hivyo hata kidogo.

Turudi Uswidi. Mwaka wa 1952, mjini Lund, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza damu inavyotembea ndani ya mfupa wa sungura, kupitia kifaa kidogo cha titani. Alipotaka kukitoa, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekikumbatia. Mwaka wa 1965, huko Gothenburg, akaweka skrubu nne kwenye taya la chini la Gösta Larsson, jamaa aliyezaliwa na kasoro ya taya. Larsson alifariki 2006, skrubu zikiwa bado mahali pake. Miaka 40 na zaidi, bana.

Lakini ufizi ulikatwa aje? Brånemark hakukata juu ya taya penyewe. Alikata pembeni, pale ufizi unapokutana na mdomo, akainua ngozi yote, akaweka skrubu, akafunika na kushona. Aliogopa bakteria, kwa hivyo hakutaka mshono ukae juu ya chuma. Halafu mgonjwa alisubiri miezi mitatu hivi kwa taya la chini, hadi sita kwa la juu, ndipo ufizi ukatwe tena. Yaani upasuaji mara mbili, na uso uliovimba vizuri sana.

Baadaye madaktari wakajaribu kukata juu ya taya moja kwa moja. Jeraha likapona sawa tu, na uvimbe ukapungua. Huko Uswisi, André Schroeder na wenzake wakaenda mbele zaidi: skrubu ikaachwa imetokeza nje ya ufizi tangu siku ya kwanza, hakuna kufukua tena. Ona hapo. Nafuu kubwa kabisa kwa mgonjwa ilitoka kwa kusogeza kisu kilekile na kufuta upasuaji wa pili. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa.

Moto nao ulikuwa umeshaingia zamani. Mwaka wa 1926, Boston, Harvey Cushing alitumia mashine ya umeme ya William Bovie kuondoa uvimbe ambao siku chache kabla ulimshinda juu ya damu nyingi. Umeme unakata na kuziba damu papo hapo. Tamu, hadi ukumbuke kuna chuma kwenye taya. Ukiigusa skrubu, joto linashuka hadi mfupani, na mwaka wa 1983 Eriksson na Albrektsson walionyesha kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu zinatosha kuuumiza mfupa. Chai ya kibandani ni moto kuliko hiyo!

Leza ikazaliwa 1960 mikononi mwa Theodore Maiman, na 1964 Kumar Patel akatengeneza ile ya kaboni dayoksaidi. Kwa kufungua ufizi kidogo ni safi kweli: damu haba, mara nyingi hakuna nyuzi. Lakini "leza" si kitu kimoja. Ya Nd:YAG inaweza kuharibu uso wa titani yenyewe. Na hata iwe gani, kekee bado itatoboa mfupa wako. Hiyo hawaiweki kwenye video.

Kuna jambo lingine linalonikera zaidi. Kuna ufizi mgumu unaozunguka jino, ule unaokuwezesha kupiga mswaki bila kuumia. Leza inapofungua njia, inauchoma ukapotea. Kile kifaa cha kutoboa duara kinautupa pia, tena daktari akiwa haoni mfupa, anategemea picha alizopiga mapema. Kisu peke yake kinaweza kuusukuma kando ukabaki. Kama unao mwingi, poa, chagua unachotaka. Kama ni kidogo, unalipa pesa ndefu kupoteza kitu ambacho kukirudisha ni upasuaji mwingine, mara nyingi wa kukata kipande kutoka kaakaa lako.

Kwa hivyo mimi nikikalia kile kiti, swali langu la kwanza halitakuwa kama wana leza. Nitauliza: ufizi wangu mgumu ni milimita ngapi, na mnapanga kuupeleka wapi?