Mkate na Mafiga Matatu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mkate uokwao kwa moto wa kuni. Labda mtu wa Tukuyu atasema, "Mkate ni kitu cha dukani, waokacho mama zetu mekoni si mkate." Sisi walimu tumelisikia neno hili mara nyingi, nasi tumemwona mtoto akificha chakula alichofungiwa na mama yake katika jani la mgomba. Basi, na tulipime neno hili kwa historia.

Kwanza, jina lenyewe. Katika Kiswahili, mkate si ngano peke yake. Watu wa zamani walisema mkate wa tumbaku, maana yake tumbaku iliyoshindiliwa ikashikamana pamoja. Pwani wako waokao mkate wa mofa kwa unga wa mtama, na mkate wa kumimina kwa mchele, makaa chini ya chungu na makaa juu ya kifuniko.

Na huku kwetu Rungwe? Mama huponda ndizi mbivu, akazichanganya na unga wa mahindi. Huyapitisha majani ya mgomba juu ya moto ili yalegee yasipasuke, akafunga unga ndani yake, akauvumbika katika majivu ya moto. Ukifunguliwa, harufu yake huwaita majirani.

Je, vitu hivyo vyote vilianza hapa? Mwaka 1879 msafiri Mskochi, Joseph Thomson, alipita katika nchi ya Wanyakyusa, akaisifu sana migomba yake. Lakini mgomba ulitoka Asia, upande wa kusini mashariki. Mahindi nayo yalilimwa kwanza na wenyeji wa Mexico, yapata miaka 9,000 iliyopita, wala hayakuvuka kuja Afrika ila baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Katika nafaka zetu, ulezi ni mzaliwa wa Afrika.

Na kama mahindi yalivyovuka bahari kuja kwetu, vivyo hivyo ngano ilivuka kwenda Amerika. Huko Kanada wako Wakree, ambao zamani waliishi kwa kuwinda. Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670, ilifanya biashara ya ngozi nao, na wengi wa watumishi wake walikuwa Waskochi, wenye desturi ya kuoka mkate mnene bila hamira. Wakree wakaupokea, wakauita pahkwêsikan. Hukanda unga kwa maji, chumvi na mafuta, wakauoka katika kikaango kilichoinamishwa mbele ya moto, au wakauzungusha kwenye kijiti.

Halafu ikaja dhiki. Mwaka 1876 Wakree wengi walifanya mapatano na Serikali juu ya ardhi yao. Miaka michache baadaye nyati waliowategemea wakatoweka, njaa ikaingia. Serikali iligawa unga na nyama ya nguruwe, lakini waliokataa kuhamia katika maeneo waliyotengewa walinyimwa. Kwa unga ule mchache akina mama waliwalisha watoto wao. Wajukuu wao hawakuuacha mkate huo kwa sababu ulikuwa wa siku za njaa, wala kwa sababu unga wake ulitoka kwa wageni. Hata leo huandaliwa katika karamu zao.

Twajifunza nini? Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mbegu ni mgeni, mwenyeji ni yule aliyeipokea, akaiweka juu ya mafiga yake mwenyewe, akalisha nyumba yake. Hakuna taifa linalokula mbegu zake peke yake, na aibu haipo katika jani la mgomba wala katika majivu.

Basi enyi wanafunzi, mrudipo nyumbani jioni, ketini karibu na moto, mmwulize bibi kipimo cha ndizi na cha unga, nanyi mwandike katika daftari zenu. Na yule mtoto afungue jani lake mbele ya wenzake, awamegee.