Bega la Mhunzi

Katuruka, katika Bukoba Vijijini, palikuwa na mti ulioitwa Kaiija, jina ambalo kwa Kihaya huelekeza mahali pa kufulia chuma. Masimulizi yanapahusisha na Mukama Rugomora Mahe, ambaye, wazee husema, alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, alifuata masimulizi hayo, akachimba hapo kati ya mwaka 1969 na 1970. Alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya takriban miaka 2000.

Tangu hapo historia yetu ya chuma husimuliwa kwa udongo: tanuri, mirija, mavi ya chuma. Mimi naona imesahau kitu kimoja, nacho ni bega. Bega halibaki ardhini likangoja kuchimbuliwa.

Tanuri la Wahaya halikujipuliza. Hewa ilitoka kwenye mivukuto iliyofunikwa ngozi, yenye fimbo katikati. Mvukutaji alishika fimbo mbili. Mkono mmoja ukipanda, mwingine ulishuka, saa baada ya saa. Anayetegemea viganja peke yake huchoka upesi. Mzigo ni wa bega na mgongo; kiganja huongoza tu. Mmoja akilegea, moto hupoa upande wake.

Kwenye fuawe sheria ni hiyohiyo. Nguvu ya pigo hutegemea mwendo wa nyundo kuliko uzito wake: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Mwendo huo huanzia miguuni, hupita kiunoni na begani, kisha humalizikia kiganjani. Wachezaji wa besiboli hufundishwa mpangilio huohuo wanapopiga mpira kwa gongo. Mikono ikitangulia bega, pigo hufa. Na mhunzi anayekaza kiganja muda wote huyarudishia maumivu kiwiko chake.

Maarifa ya namna hii hupotea kimyakimya. Majembe ya Ulaya yalipoingia kwa bei nafuu, uyeyushaji ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 1976 Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waijenge upya. Walikumbuka udongo wa kichuguu na matete ya kuchoma shimoni. Hata hivyo, majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Ilibidi wajifunze tena kwa kutenda mpaka chuma kikatoka. Kinywa kilikuwa kimehifadhi zaidi kuliko mwili.

Hapo ndipo pana hasara. Tanuri linaweza kupimwa na kuchorwa, lakini mdundo wa mikono mingi inayovukuta pamoja haupimwi kwa rula. Ukikosa wa kukuonyesha, unaanza upya.

Hata hivyo si yote yaliyokwenda. Ufuaji ulidumu baada ya uyeyushaji kufa, ukila chuma chakavu, hata springi za magari. Na katika vibanja vya Muleba, mama anayelima hulegeza kiganja jembe likipanda, akalikaza likigusa udongo. Hakuna aliyemwandikia somo hilo. Aliliona kwa mama yake, na mwanawe anayemfuata nyuma kwa kijembe kidogo analiona kwake.