Sokwe wa Gombe na Huruma Yetu

Mwezi Julai 1960, Jane Goodall, Mwingereza wa miaka 26 asiye na shahada, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuchunguza sokwe. Aliwapa majina, si namba. Mwaka uleule alimwona mmoja, David Greybeard, akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kula mchwa waliong'ang'ania. Sokwe walipukutisha hata majani ya vijiti ili vifae. Wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba mwanadamu peke yake hutengeneza zana. Baadaye, huko Cambridge, Goodall aliambiwa haifai kusema mnyama ana akili wala hisia. Hakukubali, mbwa wake wa utotoni, Rusty, alikwisha kumfundisha vingine.

Wengine wetu tuliogopa kwamba mnyama akionekana ana akili, heshima ya kuumbwa kwa mfano wa Mungu itapungua. Haipungui. Kitabu cha Mithali humtambua mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Nasi tunatoka ibadani, kisha tunamning'iniza kuku kichwa chini kwenye baiskeli hadi nyumbani. Anaumia. Tuliopewa kutawala tutaulizwa tulitawalaje.