Shimo jeusi: Zinapogongana nadharia kuu mbili za fizikia

Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo, iliitwa Uhuru. Uchunguzi wake wa miale ya eksirei kutoka Cygnus X-1 ulisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba huko kuna shimo jeusi, yaani mabaki ya nyota iliyoporomoka, ambamo hata mwanga hauchomoki.

Ni katika mashimo kama hilo ambapo nguzo mbili za fizikia hukosa kupatana. Kwa mujibu wa nadharia ya jumla ya rilativiti, aliyoiwasilisha Albert Einstein jijini Berlin mnamo Novemba 1915, mvutano ni kupinda kwa anga na wakati. Mekanika ya kwanta, iliyojengwa kati ya 1925 na 1927 na akina Heisenberg na Schrödinger, hutawala atomu na chembe zake, ambako matokeo hutabirika kwa uwezekano tu.

Kila moja, ikiwa peke yake, haijashindwa na jaribio lolote. Ya kwanza husahihisha saa za setilaiti za GPS. Bila ya pili, simu ya mkononi isingekuwapo.

Taabu huanza mvutano unapokokotolewa kwa kanuni za kwanta, kwani majibu huwa hayana kikomo. Kwa nguvu za umeme, wataalamu walipata mbinu ya kuondoa kasoro hiyo. Kwa mvutano, mbinu iyo hiyo hudai vipimo vipya bila mwisho. Mwanafizikia wa Kisovieti Matvei Bronstein aliung'amua ugumu huu mapema, katika miaka ya 1930, kabla ya utawala wa Stalin kumuua mnamo 1938 akiwa na umri wa miaka 31.

Stephen Hawking alizidisha fumbo mnamo 1974 alipoonyesha kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho na huenda likayeyuka. Je, habari za vitu lililovimeza huenda wapi, ilhali kanuni za kwanta hazikubali zipotee?

Nadharia ya nyuzi ni miongoni mwa majibu yaliyopendekezwa, ila haijathibitishwa kwa jaribio. Umbali unaohusika ni mdogo kuliko protoni mara bilioni bilioni 100 hivi, na hakuna mtambo unaoukaribia. Mnamo 2017, makundi mawili ya watafiti yalipendekeza njia nyingine: kupima iwapo mvutano baina ya vipande viwili vidogo mno vya maada waweza kuviunganisha kikwanta. Jaribio hilo bado halijafanywa.